Skrini nyeusi si maiti, acheni kuzika laptopu zingali hai

Ukitoka Athi River ukashika barabara ya Namanga, nguzo za stima zimejaa matangazo ya waganga. Mapenzi, kazi, kesi, mali iliyopotea, yote yanatatuliwa siku hiyo hiyo. Siku hizi Linux nayo imepata waganga wake. Laptopu yako imekuwa nzito? Weka Linux, itakimbia kama mpya. Windows 11 imekukataa? Linux, bure kabisa, nusu saa umemaliza. Wasichokuambia ni kile kinachoweza kutokea baada ya kuchomeka fleshi na kubonyeza Enter: maandishi mawili matatu yanapita, kisha skrini inakuwa nyeusi ti. Feni inazunguka, taa inawaka, lakini huoni kitu. Hapo mganga huacha kushika simu.

Msimamo wangu ni huu: anayekushauri uweke Linux kwenye mashine kuukuu bila kukufundisha kwanza namna ya kukabili skrini nyeusi hajakusaidia, amekutupia tatizo. Na fundi anayeona weusi huo akakimbilia kusema “display imededi” bila kupima chochote naye anakula pesa ya bure. Katikati ya hao wawili, mashine nyingi ambazo zingefanya kazi miaka mitano zaidi zinaishia kwa mzee wa vyuma chakavu na mizani yake.

Nazungumzia hasa huku kwetu, Kitengela kupitia Isinya hadi Kajiado mjini na kushuka Namanga, kwa sababu huku laptopu ya mtumba ndiyo laptopu. Hizi tunazoita Ex-UK, yaani ThinkPad, Latitude na EliteBook zilizostaafu kwenye ofisi za ng’ambo zikaja kuanza maisha ya pili kwa wanafunzi wa vyuo, wenye saiba na wadada wa kuchapa vyeti na mialiko ya harusi. Ni mashine ngumu. Zimeanguka, zimekalia vumbi la barabara, stima imepotea zikiwa kazini mara mia, na bado zinawaka.

Shida ni kwamba Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Iliongeza mwaka mmoja wa masasisho ya usalama kwa wanaojisajili, hadi Oktoba 2026, kisha basi. Windows 11 nayo inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa jumla, prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, za 2017 hivi kuja mbele. Latitude ya mwaka 2011 au ThinkPad ya 2012 haiingii humo kwa njia halali. Haijaharibika. Imefungiwa mlango tu. Ndiyo maana habari za Linux zimevuma, na ndiyo maana mwaka huu watu wengi watakutana na skrini nyeusi kwa mara ya kwanza.

Sasa, weusi huo ni nini?

Kompyuta inapowaka, picha unayoiona mwanzo, ile nembo ya Dell au HP, haichorwi na Linux. Inachorwa na programu ndogo iliyo ndani ya mashine yenyewe, BIOS au mrithi wake UEFI. Hiyo inajua kuchora picha ya kawaida tu, bila mbwembwe. Menyu ya GRUB, pale unapochagua “Try” au “Install”, nayo bado inaazima mkono wa BIOS. Kisha keneli ya Linux inaingia, inasema asante sana, sasa kadi ya picha naishika mimi. Inapakia draiva yake, inaiuliza skrini ukubwa wake, na kubadilisha mpangilio wote. Kazi hii ya kupanga skrini ilianza kuhamishiwa ndani ya keneli mwaka 2009, Intel wakitangulia.

Fikiria lori la mizigo pale Namanga. Kabla ya kituo cha pamoja cha mpakani kufunguliwa rasmi Desemba 2018, lori lilikaguliwa upande huu, likavuka, likakaguliwa tena upande ule. Kukiwa na karatasi moja ambayo upande wa pili haiielewi, lori linakwama katikati. Dereva mzima, injini nzima, mzigo mzima, lakini mwenye bidhaa Arusha haoni kitu. Skrini nyeusi ya Linux kwenye mashine ya zamani mara nyingi ni lori hilo. BIOS ameshakabidhi, draiva hajaelewana na kadi, na wewe umesimama Arusha unaangalia barabara tupu.

Kwa hivyo swali la kwanza, na hili ndilo ningetaka kila kijana alijue hata akisahau mengine yote, ni: weusi umeanza lini?

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha na hata nembo ya kampuni haijatokea, achana na Linux. Linux bado haijaitwa. Hapo ni maungo: RAM imelegea, kioo kimekufa, waya wa kioo umekatika, au ubao mama umechoka. Kaunti hii ina vumbi la kila rangi, jeupe la viwanda vya simiti upande wa Athi River na jekundu ukishuka chini, na vumbi hupenda meno ya RAM. Zima mashine, toa chaja na betri, chomoa RAM, sugua yale meno ya dhahabu taratibu kwa raba ya kufutia penseli, rudisha mpaka isikike “tik”. Kama kuna mbili, jaribu moja moja. HP nyingi hupepesa taa ya Caps Lock kwa hesabu zikiwa na tatizo la aina hii. Hesabu mipepeso, kisha tafuta maana yake kwa jina la modeli. Mashine inaongea hata ikiwa haina uso.

Ukiona nembo, ukaona menyu ya GRUB, kisha ndipo giza likaingia, umeokoka nusu. Kioo ni kizima, si umekiona kikiwaka sasa hivi? Yeyote atakayekuambia ununue kioo kipya hapo, muulize menyu uliyoiona ilionekana kwenye nini. Ni hoja ya sekunde tano inayoweza kukuokolea maelfu ya shilingi.

Katika giza hilo, bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima kwa kufuata kidole chako, keneli iko hai na inakusikia. Ikipepesa yenyewe bila kuguswa, keneli imeanguka. Isipofanya chochote, huenda mashine imeganda. Halafu jaribu Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja (kwenye laptopu nyingine utahitaji pia Fn). Ukiona maandishi yanayokuomba jina na nenosiri, jua kwamba keneli na draiva ziko sawa, na lililokataa ni eneokazi lenye madirisha. Kwa mashine ya zamani, jibu la hapo huwa ni kuchagua “Xorg” badala ya “Wayland” mahali pa kuingilia, au kuweka eneokazi jepesi kama Xfce au LXQt badala ya GNOME iliyotengenezewa mashine zenye nguvu.

Na kuna kipimo ambacho hakihitaji kompyuta hata moja. Zima taa ya chumba, chukua mulika mwizi, washa tochi na uielekeze kwenye skrini kwa upande, karibu sana. Ukiona kivuli cha menyu au cha maandishi, picha ipo, ila mwanga wa nyuma umezimika. Wakati mwingine ni kitufe tu cha mwangaza kilichoshushwa hadi sifuri, kwa hivyo bonyeza cha kupandisha kwanza. Wakati mwingine Linux inatumia njia isiyofaa ya kuamrisha mwanga wa laptopu hiyo, na dawa ni maneno `acpi_backlight=vendor`, ambayo nitaeleza yanawekwa wapi. Wakati mwingine ni taa yenyewe imekufa, na hapo fundi ana haki ya kula.

Tuje kwa neno lenyewe: `nomodeset`. Kama kuna neno moja la kiufundi ambalo lingefaa kuandikwa kwenye zile nguzo za stima badala ya namba za waganga, ni hili. Linaiambia keneli: usijishughulishe na draiva zako kubwa za picha, tumia njia ya kawaida uliyoikuta. Namna ya kuliweka ni hivi. Kwenye menyu ya GRUB, sogeza hadi chaguo unalotaka, usibonyeze Enter, bonyeza `e`. Utaona mistari kadhaa. Tafuta ule unaoanza na `linux`. Nenda mwisho wake, acha nafasi moja, andika `nomodeset`. Ukiona kwenye mstari huo maneno `quiet splash`, yafute, kwa sababu kazi yake ni kuficha maandishi ambayo wewe unayataka sana sasa hivi. Kisha bonyeza Ctrl na X, au F10. Menyu ikiwa ya sura nyingine na `e` haifanyi kitu, jaribu Tab, maana baadhi ya fleshi kwenye BIOS za zamani hutumia menyu tofauti. Ubuntu wana chaguo lililoandikwa “safe graphics” na Mint wana “compatibility mode”. Yote mawili yanakupeleka njia hiyo hiyo bila kuandika.

Ukiandika hapo, unabadilisha safari hiyo moja tu. Ukizima na kuwasha, neno limepotea. Watu wengi hukwama hapa: fleshi ilikubali, wakaweka Linux, wakawasha upya, giza likarudi, wakakata tamaa. Rudia mchezo ule wa `e`. Kama menyu haitokei kabisa, shikilia Shift wakati wa kuwasha kwenye BIOS za zamani, au gusagusa Esc kwenye UEFI. Ukishaingia, fungua faili la `/etc/default/grub`, ongeza neno kwenye mstari wa `GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT`, ndani ya alama za kunukuu, kisha endesha `sudo update-grub`.

Lakini nina ugomvi na wanaoishia hapo. `nomodeset` ni gongo. Unatembea nalo ukiwa umevunjika mguu, hulioi. Ukiliacha mashine itawaka, sawa, ila video zitakwama, kitufe cha mwangaza hakitafanya kazi, na ukifunga kifuniko ikalala huenda isiamke vizuri. Halafu utasema Linux ni mzigo, na kumbe unaendesha gari ukiwa gia ya kwanza tangu Bissil mpaka Kitengela. Likikuonyesha picha, kazi ndiyo inaanza: andika `lspci` ujue kadi yako ni ya nani.

Ikiwa laptopu ina kadi mbili, kama baadhi ya Latitude E6420 zenye Intel pamoja na Nvidia, usizizime zote. Andika `nouveau.modeset=0` badala ya `nomodeset`. Nouveau ni draiva huria ya Nvidia, na mara nyingi yeye ndiye anayesababisha vurugu. Ukimnyamazisha peke yake, Intel anaendelea na kazi akiwa na nguvu zake zote. Ikiwa ni Radeon, kama zilizo kwenye baadhi ya EliteBook 8460p, huenda draiva inadai mafaili madogo ya kampuni ambayo hayamo. Debian hawakuwa wakiyaweka kwenye fleshi yao ya kawaida hadi toleo la 12, Juni 2023, kwa sababu si programu huria. Kanuni nzuri, lakini iliwaacha watu wengi gizani. Kama umepewa fleshi ya Debian ya kabla ya hapo na rafiki mwenye nia njema, ifute, chukua mpya.

Na kama mashine ni ya kale kiasi cha kuwa na prosesa ya biti 32, hiyo ni hadithi nyingine. Ubuntu waliacha kuwatolea hao fleshi ya eneokazi tangu 2017, na Debian 13 ya Agosti 2025 haina tena kisakinishi chao. Sentensi ya kukataliwa inaweza kupita haraka usiisome, ukadhani ni skrini. AntiX bado inawahudumia. Mimi binafsi ningemwambia mwenye mashine hiyo atafute nyingine, ila nawajua watu wanaoipenda kama ng’ombe wa mahari na siwezi kuwabishia.

Kompyuta za mezani zina vituko vyao. Kwenye saiba kuna ubao wa Intel unaoamini kabisa kwamba una kioo cha laptopu. Haukina. BIOS imesema kipo, Linux imeamini, ikapeleka picha yote huko, kwa kioo hewa, na monita yako ya kweli imebaki nyeusi. Tiba ni `video=LVDS-1:d`, yaani hicho kioo kifute kwenye hesabu. Halafu kuna waya. Ule wa VGA wenye kichwa cha buluu una pini 15, na namba 12 na 15 ndizo zinazobeba maelezo ya monita kwenda kwenye kompyuta: mimi ni fulani, ukubwa wangu ni huu. Waya wa bei ya kutupa wakati mwingine hauna pini hizo, na vile vibadilishi vya HDMI kwenda VGA navyo vingine ni bubu. BIOS haijali sana, inapeleka picha ndogo tu. Linux inauliza, haijibiwi, inakisia, monita inaandika “out of range” au inalala. Kabla ya kufungua kompyuta yoyote, badilisha waya. Na kama mashine ina kadi ya picha ya kuchomeka, hakikisha monita imechomekwa kwenye kadi hiyo, si kwenye tundu la ubao mama. Usicheke, saiba nzima imewahi kufungwa kwa ajili hiyo.

Sitaki nami nigeuke mganga. Kuna weusi ambao ni kifo kweli. Kati ya laptopu za 2007 na 2008 hivi, baadhi ya chipu za Nvidia zilitengenezwa kwa malighafi dhaifu iliyopasuka kwa joto. Kampuni yenyewe ilikiri Julai 2008 na kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kulipia hasara hiyo. Ukikuta mashine ya enzi hiyo inatoa mistari ya rangi au giza hata kwenye BIOS, na mtu anakuambia ataipasha moto kwa blowa ipone, jua utarudi kwake baada ya wiki chache. Hapo toa diski, toa RAM, ziishi kwingine.

Lakini hapo kuna ushahidi. Ninachokataa ni hukumu bila kesi. Na hukumu bila kesi tumeizoea kwa sababu hatujafundishwa kuuliza. Nenda kwenye vyuo vya kompyuta vilivyo ghorofa ya pili ya karibu kila jengo Kitengela, utafundishwa “packages”: Word, Excel, PowerPoint, cheti, picha ya kuhitimu. Mwanafunzi anatoka akijua kupanga jedwali na hajawahi kuona BIOS. Mwaka 2013 serikali iliingia madarakani na ahadi ya laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza. Kufikia 2016 zikawa tabuleti, kifaa ambacho kimefungwa mtoto asiweze hata kujua kuna kitu kinaitwa keneli. Mwaka 2022 KICD ikaidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu. Vizuri. Na Konza, si mbali na mpaka wa kaunti hii, Rais Kibaki aliweka msingi wa jiji zima la teknolojia Januari 2013. Vizuri pia. Ila kijana wa Isinya aliye na ThinkPad nyeusi mapajani hahitaji jiji. Anahitaji mtu wa kumwambia abonyeze `e`.

Najua mafundi watanijibu kwamba nao wana kodi ya duka, na mteja hataki somo, anataka mashine. Ni kweli. Ukimwambia mteja umeandika neno moja tu, hataki kukulipa. Ukimwambia umebadilisha kioo, analipa na kushukuru. Kwa hivyo lawama nusu ni yetu wateja. Tunalipia vyuma, hatulipii maarifa, kisha tunashangaa fundi akitafuta chuma cha kubadilisha. Mimi ningelipa soo tano kwa fundi aliyenionyesha neno, na ningempelekea wateja wengine watatu. Fundi anayenionyesha ile menyu ikiwaka kabla ya kunitajia bei namwamini zaidi ya anayeichukua laptopu nyuma ya pazia.

Kuna na suala la lugha, na hili linaniuma zaidi. Mwaka 2004 ulikuwa mwaka mzuri. Mnamo Oktoba Ubuntu ilitoka kwa mara ya kwanza, kazi ya Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth, kwa jina ambalo sikio la Mswahili linalitambua kama binamu wa “utu”. Mwaka huo huo, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakishirikiana na Waswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Ukiwa na faili, unaambiwa “faili”, unaambiwa “hifadhi”. Tulionyeshwa kwamba inawezekana. Lakini menyu za Kiswahili ziko ndani ya nyumba, na skrini nyeusi iko mlangoni. Mtu anapokwama mlangoni, maelezo anayoyapata kwa bando lake ni kurasa za Kiingereza za watu wanaobishana kuhusu keneli, kila mmoja akiwa na kadi tofauti na yako. Vijana wetu wanaojua hizi kazi, na wako wengi, nawaona kwenye magrupu ya WhatsApp, hujibu kwa neno moja: “Google”. Bana, kama angejua cha kutafuta asingekuuliza.

Kwa hivyo wewe unayejua, na unayepanga likizo hii kuwawekea jirani zako Linux, usianze na fleshi. Anza na dakika kumi za giza. Waonyeshe nembo, waonyeshe GRUB, kisha wazimie picha makusudi kwa kuandika `video=LVDS-1:d` kwenye laptopu ya zamani inayokubali, wabonyeze Caps Lock waone taa ikijibu. Wafundishe waseme “iliwaka mpaka kwenye menyu” badala ya “imededi”. Fundi akiisikia sentensi hiyo, anajua anaongea na mtu anayejua kinachoendelea.

Na ukishalipata neno lililoiwasha mashine, liandike kwa kalamu kwenye kipande cha plasta pamoja na jina la modeli, ubandike chini ya laptopu, karibu na betri. Hizi Ex-UK hazikai na mtu mmoja, na atakayeinunua kwako hatakuwa na namba yako ya simu.